Mpakia Gobore

Kila Jumamosi, kwenye uwanja wa makumbusho madogo ya kijeshi jijini Johannesburg, mlinzi mmoja mzee kutoka Uvira, Kongo, huwaonyesha wageni jinsi askari wa zamani walivyopakia gobore. Hung'ata ncha ya kifurushi cha karatasi chenye baruti, hutema kipande, huimimina mdomoni mwa mtutu, kisha huishindilia kwa mdeki, ule ufito mrefu wa chuma, mabega yamemshuka kwa uchovu wa lindo. Midomo yake ina weusi ambao hata chai haiuondoi. Risasi haweki kamwe. Leo mama mmoja Mkongomani, mshonaji wa mtaa wa Berea, alicheka: "Papa, polepole hivi? Adui si atakuwa ameshakimbia?"

Mdeki ukasimama ndani ya mtutu. Alimkumbuka mkewe. Bunduki zilizomkuta zilifyatuka mfululizo, hazikumpa hata nafasi ya kuvaa viatu.

"Ndiyo, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Angekimbia."

Mama aliacha kucheka. "Pole, papa."

Aliitikia kwa kichwa, akamaliza kushindilia, akawaomba wageni warudi nyuma. Akaelekeza mtutu juu, akangoja mpaka mgeni wa mwisho aliposogea, ndipo akafyatua.