Mwosha Maiti na Mfalme wa Urusi

Bi Mwanamize Maulid ameosha maiti za wanawake wetu hapa Birmingham kwa miaka kumi na tisa, na mimi Jokha, ninayepata habari kwa mtu yeyote, kwake sijapata neno hata moja. Nimejaribu. Nimempikia, nimembembeleza, nimemzunguka kwa maswali. Hunijibu kwamba chai inapoa. Mwosha hasemi alichokiona. Ndiyo miiko ya kazi, naye ameishika mpaka inaudhi.

Mchana sote wawili tulifanya kazi jikoni mwa hospitali, Edgbaston, tukimenya viazi. Mwaka 2005, akiwa na miaka hamsini na minane, Bi Mwanamize akajiandikisha masomo ya jioni. Aliozwa akiwa kidato cha pili na hakuwahi kushika cheti chochote. Kiingereza akafaulu, hesabu akafaulu. Ikabaki historia, na historia yenyewe ilikuwa kuanguka kwa mfalme wa Urusi. Nikamfuata darasani, yeye akitafuta cheti, mimi nikitafuta mazungumzo.

Mwalimu wetu, Bibi Lakhbir, akatupa swali la majaribio: Tsar Nikolai alichangia vipi kuanguka kwake mwenyewe? Bi Mwanamize akajaza kurasa mbili. Kwamba marehemu aliwapenda wanawe. Kwamba marehemu alisali sana. Kwamba mwanawe wa kiume alikuwa mgonjwa na marehemu hakuwa na raha. Kosa hata moja hakuliandika. Akapata alama tatu kati ya ishirini, na mwalimu akamwambia kwa upole kwamba akiandika hivyo mwezi wa sita, atafeli.

Kwenye basi la kurudi kwetu Kingstanding nikaona machozi yanamlenga. Nilimhurumia, na mimi nikiona huruma hugomba. Nikamwambia mtu huyo kauawa tangu 1918, si jamaa yake, na makosa yake yamejaa vitabuni.

"Maiti hawezi kujibu," akasema. "Asiyeweza kujibu, mimi simsemi."

"Basi mwendee angali hai, umwambie usoni."

Nilikuwa nimechoka tu.

Siku ya mtihani swali likaja karibu lilelile. Mimi niliandika ukurasa mmoja, yeye akaomba karatasi za ziada. Baadaye akanieleza kwamba alijiweka mwaka 1916, kambini kwa Tsar, akamwandikia kila lililompasa kuambiwa. Bwana wangu, umeshika uongozi wa jeshi mwenyewe, sasa kila tukishindwa vitani lawama ni yako. Bunge umewapa watu kwa mkono wako, kisha ukaliziba mdomo. Yule Rasputin, mganga wa mwanao, mwondoe, watu wanamsema mkeo. Na wanawake wa Petrograd wanapanga foleni ya mkate kwenye baridi. Siku askari wako watakapokataa kuwapiga risasi, huna tena ufalme.

Matokeo yakatoka Agosti. Yeye C, kafaulu, mimi E. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia. Nikapika biriani, akaja na karatasi yake ndani ya bahasha, tukala tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Nilipoinuka kumimina chai nikaona ndiyo nafasi, nikamwuliza kidogo tu habari za mwanamke aliyemwosha Jumanne.

Akafuta mikono taratibu.

"Jokha, wewe ungali hai," akasema. "Vuta kiti nikwambie yako usoni."

Nilijua yote atakayoyasema. Nikavuta kiti.