Maziwa Yalifika Bila Mimi

Nakumbuka Jumatano moja, mwanangu, simu ililia nikiwa nafukiza kwa moshi madumu ya maziwa ya ngamia hapa Chechelesi. Alikuwa mdogo wangu Kaltuma, aliyeolewa Leparua na aliyekuwa akiugua tangu mvua ziishe.

"Abayo, kuja kesho tukae tu," aliniambia. Abayo ndivyo sisi tunavyoitana, dada kwa dada.

"Kesho maziwa ni mingi, abayo. Nitakuja Jumapili."

"Jumapili ingine tena?" Akacheka kidogo, akakohoa, akakata simu.

Alikuwa na haki ya kuuliza. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, na mji mzima ulinijua kama mwanamke asiyekosa kazini. Maziwa yakishushwa alfajiri kutoka malishoni, mimi ndiye niliyeyanusa, nikatenga yaliyochacha, nikapakia mazuri kwenye basi la Nairobi. Hata arobaini ya uzazi sikuimaliza nyumbani. Nilijivunia jambo hilo kuliko nilivyojivunia watoto wangu, Mungu anisamehe. Kila jioni niliipanga kesho kwa namna ile ile: kwanza maziwa, kisha watu wagawane saa zitakazobaki. Na hazikubaki. Mazoea yana taabu, mwanangu. Ukikaa nayo sana unadhani ndiyo wewe.

Kaltuma alifariki Ijumaa asubuhi. Sisi Waislamu hatucheleweshi maiti. Nilipofika Leparua, wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini.

Siku saba nilikaa matangani bila kugusa dumu. Niliporudi kazini nilitarajia hasara na malalamiko. Kumbe wenzangu walikuwa wamenusa, wametenga, wamepakia. Maziwa yote yalifika, hakuna dumu lililorudishwa. Ungedhani nilifurahi. Niliketi chini vumbini nikalia kuliko nilivyolia matangani, maana niliona wazi kwamba ile Alhamisi ningeweza kwenda.

Mama Dahabo, aliyekuwa mkubwa wetu katika biashara hiyo, aliniacha nilie mpaka nikanyamaza. Kisha akaniuliza, "Halima, uliogopa maziwa itaharibika, ama uliogopa itafika bila wewe?"

Nilijikung'uta vumbi nikainuka. Hata leo, na mvi hizi zote, bado najiuliza swali hilo.

Nikaanza kupanga siku zangu upya, kwa shida. Jioni nikawa najiuliza kwanza: nani ananingoja? Zamu ya Alhamisi nikampa mwenzangu. Walinitania, "Halima siku hizi ni mgeni rasmi!" Iliniuma kweli, nilijiona kama niliyevuliwa nguo mbele za watu. Na zile Alhamisi za mwanzo sikuwa hata na pa kwenda, kwa sababu niliyetaka kumtembelea alikuwa kaburini.

Basi sikiliza, mwanangu. Usiseme "mimi ndivyo nilivyo" juu ya jambo ambalo ni ratiba tu. Ukiipanga kesho yako, anza na mtu, kazi ifuate. Na kama sifa yako itapungua kidogo midomoni mwa watu, iache ipungue, utaishi. Wanasema majuto ni mjukuu. Huyu wangu nimemlea miaka mingi, na sitaki umzae wako.

Mungu akupe riziki, akupe watu wa kukungoja, na akufikishe kwao wangali hai. Amin.