Alisema Ameua, Msiba Mzima Ukacheka

Habari zenu nyote mnaofuatilia ukurasa huu. Mimi ni mzee wa miaka sabini na mmoja, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, naishi Likombe hapa Mtwara. Nashukuru kufichiwa jina. Majina ya wengine nimeyabadilisha mwenyewe na kijiji sitakitaja. Mtanivumilia nikieleza kwa kirefu, ndiyo maradhi ya walimu.

Binti wa mdogo wangu, nitamwita Zuhura, ana podikasti na mwenzake. Wanasimulia visa vya kweli vya uhalifu wa huku kusini, lakini kwa vichekesho. Mwanzoni nilimgombeza: watu wamekufa, ninyi mnacheka? Akanijibu, "Baba mkubwa, tukilia hakuna anayesikiliza." Sasa mchapishaji mmoja amewaomba wavigeuze visa hivyo kuwa kitabu. Zuhura kusimulia anaweza, kuandika hawezi. Kazi akaniletea mimi.

Kisa wanachokipenda zaidi wasikilizaji wake ni kifo cha mzee mmoja, tumwite Chilumba, aliyekutwa kwenye mikorosho yake kichwa kimepasuliwa. Polisi hawakumpata muuaji. Kijiji kikajitafutia wa kwake: Shaibu, kijana aliyekuwa amegombana na marehemu kuhusu mpaka wa shamba. Nyumba yake ilichomwa moto, akavuka Ruvuma kwenda Msumbiji, na hajarudi hadi leo. Mama yake, Bi Somoe, yuko palepale kijijini. Nilipomwomba ridhaa alisema, "Andika, mwalimu. Ila mwanangu usimwandike muuaji kama hujui. Kitabu kikisema vizuri, labda atarudi anizike."

Kinachowachekesha watu katika kisa hicho ni msiba wenyewe. Kwa mlio mbali niwaeleze kwamba huku kwetu kuna koo ambazo ni watani tangu enzi za mababu. Mtani ana ruhusa ya kufanya msibani mambo ambayo mwingine akiyafanya atapigwa. Anaweza kulala njiani jeneza lisipite, au akaigiza mwendo wa marehemu, au akamtukana kabisa. Hakuna anayekasirika, kwa sababu anawapunguzia wafiwa machungu. Basi mtani wa Chilumba, Mzee Dadi, alisimama katikati ya waombolezaji akasema, "Polisi msiwasumbue! Nimemuua mimi! Kila siku ananifunga kwenye bao, mlitaka nifanyeje?" Watu walicheka, hata mjane alicheka. Zuhura akiigiza kipande hicho utatamani umsikilize tena na tena.

Ila kicheko hakiandikiki, nimejaribu. Kwenye sauti unamsikia Dadi akitania. Kwenye karatasi maneno yake yanabaki peke yake, yanasomeka kama ukiri. Niliogopa kumharibia jina mzee wa watu, nikapanda gari kwenda kijijini, njia ya Madimba, ili nimsomee nilichoandika na yeye aniruhusu.

Tulikaa barazani kwake asubuhi, mkewe akatuletea chai na mihogo. Nikasoma. Dadi alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya shati. Nikafika pale Chilumba anapovamiwa. Hapo Zuhura huigiza yowe refu la kuchekesha, nami nikawa nimeandika kwamba mzee alipiga yowe mpaka kunguru wakahama kijiji.

Dadi aliacha kucheka. "Hapo futa, mwalimu."

"Kwa nini?"

"Hakupiga kelele. Aliita 'ntani' mara moja, basi."

Ndivyo wazee wetu wanavyotamka mtani.

Mkewe alikuwa akimimina chai, akasimama na birika mkononi. Nikauliza taratibu, kama nilivyokuwa nikimuuliza mwanafunzi, "Umejuaje, Mzee Dadi?"

Aliweka kikombe chini. Kisha akacheka, lakini si kile kicheko cha mwanzo. "Si nimemuua mimi? Hukunisikia msibani? Andika hivyohivyo, mwalimu, watu wacheke."

Mkewe akasema bila kumwangalia yeyote, "Mwalimu, gari zitakuacha." Haikuwa imefika hata saa nne.

Tangu siku hiyo sijaandika mstari. Najiambia alikuwa anaendeleza utani wake tu, maana mtani hodari hukutania hadi ukose pa kushika. Halafu namkumbuka mkewe na lile birika. Nilimweleza Zuhura, akaruka kwa furaha: "Baba mkubwa, hiyo ndiyo sura ya mwisho! Watu watakufa kwa kicheko!" Nikamwambia sitanii. Akasema kwa sauti ya chini, "Tukienda polisi tutasema nini? Kwamba mtani ametania?"

Nikienda polisi, huenda nikamfungisha mzee asiye na hatia kwa mila ambayo mimi mwenyewe niliifundisha darasani nikiisifia. Nikiandika alivyotaka yeye, maelfu watacheka, na kama ni kweli, nitakuwa nimemsaidia kuificha mahali ambapo hakuna atakayetafuta. Kuacha kuandika pia naona ni kumwacha kijana wa watu na doa lisilo lake.

Jana Bi Somoe alinipigia simu. "Mwalimu, umefika kwenye sehemu ya mwanangu?" Nikamjibu bado. Akasema, "Nimemwambia kwa simu kwamba kitabu kinakuja. Anauliza, aanze kufunga mizigo au asubiri?"

Nilimwambia nitampigia. Sijampigia. Ndugu zangu, hasa ninyi wa kusini mnaoujua utani ulivyo, nifanye nini? Nawaomba sana, hili msinijibu kwa utani.