Siku Nilipowazibia Wanachama Ndani

Saa nane na dakika kumi mchana, siku ya Ijumaa, nilifunga mlango wa chumba changu hapa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, huku kwa Waarabu, nikiwa na wageni kumi na mmoja ndani, na mlango huo haukufunguka tena ukiwa mzima. Aibu yake bado inanifuata. Hata leo nikiingia dukani mtaa wa Najma kununua unga wa ugali, hakosekani mtu wa kuniuliza kwa sauti kama nimeshauona mlango wa kutokea.

Mimi ni mtunza stoo wa hoteli. Mambo ya joto nimejifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya mitumba na video. Nilikuwa nimeziba madirisha yangu yote kwa silikoni na kubandika karatasi za kurudisha jua kwenye vioo, na bili ya umeme ikaanza kushuka. Ndipo nikapeleka hoja kwenye chama chetu cha kusaidiana, sisi Waafrika Mashariki wa huku: mfuko wa msaada uwalipie wanachama nusu ya gharama ya kuzuia joto nyumbani, na tuanze na Wasswa. Wasswa ni dereva, Mganda, anaishi na mkewe katika chumba cha juu kabisa ambacho paa la jengo ndilo dari yake, na mtoto wao mchanga alikuwa amejaa vipele vya joto toka shingoni hadi mapajani. AC yao inanguruma kutwa na chumba hakipoi.

Mama Njoki, mweka hazina wetu (ni muuguzi, na hela ya chama huilinda kama dawa za kabatini), akakataa. "Injinia," aliniita hivyo kwa kejeli, "pesa za watu haziendi kwa maneno. Tuonyeshe kwanza."

Nikasema njooni kwangu Ijumaa, baada ya ibada (huku hata kanisa ni Ijumaa). Ningewaonyesha madirisha na bili, yakaisha. Lakini mlango wangu ulikuwa na mwanya, na mimi nilikuwa na nusu kopo la lile povu linalovimba na kuganda, na mtu wa mpango kama mimi akiona mwanya mmoja umebaki hapati usingizi. Kwa hiyo nikaamua kuuziba mbele yao. Ningepaka mafuta ya kupikia ukingoni mwa mlango ili povu lisiushike, ningenyunyiza povu kwenye fremu, ningefunga, ningengoja ligande, kisha ningefungua na kupigiwa makofi.

Nilianza kupaka upande wa bawaba. Kabla sijafika upande wa kitasa wageni wakaanza kuingia, na kwetu mgeni hasalimiwi kwa kutikisa kichwa, ni mkono. Nikajifuta mafuta, nikampa Mchungaji wa kanisa letu mkono, nikauliza habari za nyumbani, nikajifuta tena, nikampa mwingine, nikauliza kama mvua imenyesha kwao Bungoma, na hadi wa mwisho anaketi kitandani mikono yangu ilikuwa mikavu kabisa, na kwa akili yangu mikono mikavu ilimaanisha kazi imekwisha.

Nikazima AC kwenye swichi yake ya ukutani, nje kwenye korido, mtu asije akasema nacheza na rimoti. Nikarudi ndani, nikanyunyiza, nikafunga.

"Kaeni mwone," nikawaambia. "Chumba kitabaki baridi nusu saa bila AC."

Hesabu yangu ilikuwa sahihi kwa chumba kitupu. Nilikuwa nimepima joto la nje, nikasahau kwamba mwili wa mtu mmoja hutoa joto kama balbu ya zamani, na balbu zangu zilikuwa kumi na mbili pamoja na mimi. Tena ningewaketishaje watu bila chai? Kulikuwa na chupa mbili za chai ya tangawizi, na chapati nilizipasha hapohapo kwenye jiko la umeme. Mchungaji naye akafungua kikao kwa sala iliyowapitia wagonjwa wote, wasafiri wote na serikali mbili.

Tulipofumbua macho, kipimajoto nilichokitundika kwa fahari kilikuwa kinapanda.

"Injinia, hiyo namba inapanda ama ni macho yangu?" akauliza Mama Njoki.

"Itatulia."

"Buda," akasema Kevo, kijana wa kompyuta kutoka mtaa wa Al Sadd, "hii keja yako ni ya kulala ama ni jiko?"

Nikaenda kufungua nikawashe AC. Kitasa kikazunguka, mlango ukakataa. Nikavuta. Nikakanyaga ukuta kwa mguu mmoja nikavuta tena, kitasa kikachomoka, nikaanguka nacho juu ya chapati. (Madirisha? Nimeshasema, silikoni, na kwa mkono wangu mwenyewe.) Mchungaji akavua koti. Sijawahi kumwona bila koti, hata kwenye mpira. Wasswa alikuwa akikitazama kipimajoto, nami nilijua anaona msaada wa mwanawe ukiyeyuka.

Tukampigia simu haris, mlinzi wa jengo, aliyekuwa katika usingizi wake wa Ijumaa. Hatimaye tukasikia sauti nje ikiuliza kama kuna shida: "Baba, mushkila?"

"Mushkila kabir, kubwa sana!" Mama Njoki akapiga kelele. "Kuja na nondo!"

Akaja na nondo, na majirani wa ghorofa nzima wakaja na simu zao juu. Mlango ukapasuka upande ule nisioupaka mafuta, tukamwagika koridoni, na korido hiyo isiyo na AC ikatupokea kama friji.

Nikaanza kuomba msamaha.

"Nyamaza, Injinia," akasema Mama Njoki, akikamua kitambaa chake cha kichwa. "Chumba hiki kimeshika joto letu, hata kidogo halikutoka. Basi kikipewa baridi kitaishika vilevile. Nani anapinga paa la Wasswa?"

Hakuna aliyeinua mkono (nashuku wengine walikosa nguvu).

"Imepita. Lakini kazi afanye fundi. Fundi wa kweli," akamalizia Mama Njoki.

"Na Injinia asiwapikie chai," akaongeza Kevo.

Wasswa akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Dari yake ikawekewa bodi za kuzuia joto, na mkewe anasema mtoto sasa analala mchana. Mimi nimeapa kwamba sitaziba kitu tena kabla ya kuwahesabu walio ndani. Mwenye nyumba alinitoza mlango mpya, riyali mia saba na hamsini. Umeme niliookoa mwezi ule ni riyali thelathini na nane. Hasara yangu kamili: riyali mia saba na kumi na mbili.