Kiti Chenye Khanga

Jumamosi ile nilikwenda kwenye tamasha la kwaya kwetu Kalangalala, nikafika mapema kama kawaida yangu. Siwapendi watu wanaoingia wimbo umeshaanza, wakikanyaga miguu ya wenzao bila hata samahani. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa mchimbaji, na kila mara alichelewa akijisugua tope la machimboni, kwa hiyo mimi nilitangulia nikamtandikia khanga kwenye kiti cha pembeni yangu. Kiti chenye khanga hakikaliwi.

Ukumbi ulishajaa bwana mmoja alipokuja, akainama kwa heshima.

"Samahani mama, hapa pana mtu?"

Nikageuka. Khanga yangu ilikuwa juu ya kiti, na sikumbuki kuitandika. Shimo lilimfukia mume wangu masika yaliyopita.

"Pana mtu," nikajibu kwa ukali. "Anakuja."

Baadaye mshereheshaji akatuomba tusimame kimya kuwakumbuka wachimbaji waliofukiwa wiki ile. Redio ilikuwa imewataja mara moja tu, ikarudi kwenye bei ya dhahabu. Na pale ukumbini kimya chenyewe kilikuwa cha kushusha pumzi moja, tena nyuma yangu kuna mtu anacheka na simu. Kisha spika zikanguruma, watu wakaketi.

Yule bwana alikuwa ameniona nikilia. Alisimama tamasha zima kando ya khanga yangu, na kila aliyekuja kuuliza, yeye ndiye aliyemjibu: "Pana mtu."