Kimya cha Nyagoa

Watu wa Lodwar walimjua Nakal Lomunokol kwa masikio yake. Watafiti wakishuka kutoka Nairobi na vinasa sauti vyao, yeye ndiye wa kuwauliza watu, kisha kukaa na kuandika kila neno lililonaswa. Kila neno, jamani, hata kikohozi. Mtu akinyamaza, Nakal huandika "amenyamaza", na dakika zake. Mwisho huweka sahihi: hivi ndivyo nilivyosikia. Bila sahihi hiyo, chuo hakipokei ripoti.

Machi 2013 alikwenda Kakuma na daktari mmoja, daktari wa vitabu, si wa sindano. Waliketi kwa Nyagoa, mama wa Sudan Kusini anayeuza chai kwenye kambi ya wakimbizi.

Nyagoa alicheka. "Nyinyi ni watu ya saba kuniuliza hii vita. Wale sita, hakuna hata moja alirudi."

"Mimi nitarudi, mama," Nakal akasema. "Kitakachoandikwa nitakusomea kabla hakijaenda popote."

"Haya, ejok, sawa. Tutaona."

Akaisimulia njia yote hadi mpakani Nadapal, alivyoondoka na watoto wake wote, hata yule mchanga. Hapo daktari mwenyewe akauliza: "Na yule mtoto mdogo, ulimwacha wapi?"

Nyagoa akanyamaza. Dakika nne. Kinasa kikanasa makaa yakipasuka na mbuzi wa jirani. Kisha akasema, "Kunyweni, chai inapoa."

Wiki mbili baadaye, Lodwar, Nakal aliletewa ripoti atie sahihi. Ukurasa wa kumi na mbili, ndani ya alama za usemi: "Nilimwacha mwanangu njiani ili niokoe wengine."

Hasira zilimpanda Nakal.

"Daktari, haya nani kayasema?"

"Kimya chake kilisema. Wewe mzoefu, unaelewa."

"Nilikuwepo! Kimya hakikusema kitu. Kilinyamaza."

"Msomaji hawezi kusoma nafasi tupu, Nakal."

"Basi akae nayo, kama tulivyokaa sisi! Huyu mama ana watoto wanasoma shule. Kesho wasome kwamba mama yao alimtupa ndugu yao?"

"Wanaoitaka kazi yako ni wengi," daktari akasema taratibu.

Nakal akaukunja ule ukurasa, akautia kwenye mkoba. Asubuhi alikuwa Kakuma, akimsomea Nyagoa kama alivyoahidi. Birika likachemka hadi likamwagikia moto. Nyagoa hakuligusa.

"Alikufa mgongoni," akasema mwishowe. "Nikabeba yeye siku mbili bado. Mimi mwenyewe nikazika. Kuacha? Mimi?"

"Niandike hivyo, mama?"

"Hapana. Hiyo nimeambia wewe, si kitabu."

Nakal akarudi Lodwar. Mbele ya daktari akaikata ile sentensi kwa wino mwekundu, akaandika juu yake: amenyamaza, dakika nne.

"Ukiichapa hivi, nitatia sahihi."

"Vinginevyo?"

Nakal akaifunika kalamu yake.

Ilichapwa hivyo, akatia sahihi. Daktari huyo hakumwita tena. Naye Nakal, nakala yake ya ripoti aliipeleka Kakuma, Nyagoa akaiweka kwenye sanduku la nguo, pamoja na kadi za kliniki za watoto.