Kuku wa Rangi ya Moshi

Mtaani walimwita Dobi, jina alilotoka nalo kazini. Alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, kwenye mvuke na harufu ya dawa, akinyoosha mashuka mpaka miguu ikavimba. Akifika nyumbani alikuta mashuka mengine yanamsubiri, ya dada yake. Dada alikuwa amepigwa na kiharusi, upande wote wa kulia ukalala, na maneno yakamchanganyikia kichwani. Mwanamke aliyekuwa na ulimi wa kuwakalisha watu kitako, sasa akitaka maji anasema "mlango", na akitaka mlango anasema "Jumatano". Mara nyingine alijicheka mwenyewe. Mara nyingine alifumba macho tu.

Pamoja na Dada, Dobi alibebeshwa kuku wake pia. Dada alikuwa amehangaika miaka mingi kupata kuku wa rangi ya moshi, ule ukijivu unaoelekea buluu, kila unyoya umezungushiwa wino mwembamba pembeni. Dobi mwenyewe hakuwapenda. Kwake kuku alikuwa kinyesi cha kukwangua jioni wakati mgongo unalia. Lakini kila asubuhi, kabla ya kumwachia mke wa jirani zamu ya mchana, alimkalisha Dada kwenye kiti mlango wa nyuma, na Dada akiwaona wale kuku uso wake ulifunguka. Angewaondoaje?

Alfajiri moja mbwa akachimba chini ya wavu. Kuku weusi waliofugwa pamoja nao, ambao ndio wababe wa banda, hulala juu kabisa. Wa moshi walikuwa wakidonolewa mpaka wakubali kulala chini, karibu na mlango. Basi mbwa akaanza nao. Jogoo wa moshi alisimama kupigana, akafa yeye na wake zake wote wa rangi yake. Dobi aliokota manyoya, akachelewa kazini, akafokewa.

Jioni yake jirani aliegemea ukuta wa uani. Alikuwa dereva wa basi mstaafu, mfugaji wa kuku naye, na mkewe ndiye aliyeshinda na Dada mchana.

"Pole, mama. Wamebaki weusi watupu?"

"Weusi watupu, kaka Dereva. Rangi ya Dada imekwisha. Na mimi nimekwisha."

"Hata hivyo wale wa moshi walikuwa hawatabiriki. Jike moshi, dume moshi, na bado vifaranga wanatoka mchanganyiko."

"Si ndiyo! Wengine moshi, wengine weusi, wengine weupe wachafu kama shuka lililomwagikiwa wino. Hao weupe Dada alikuwa anawagawa."

"Mmoja ndiye huyu wangu." Dereva akaonyesha jogoo wake mweupe mwenye madoa, aliyekuwa amejikunyata juu ya ukuta. "Mchukue. Weusi wako watakaaje bila dume?"

"Huyo? Nyeusi na nyeupe chafu? Nitapata takataka gani humo?"

Mlangoni Dada akaguna. Alikuwa ameinua mkono wa kushoto, ule mzima, akimnyooshea kidole jogoo.

"Jumatano," akasema. "Jumatano! Jumatano!"

"Anataka nifunge mlango, baridi inaingia," Dobi akasema, akamgeuza kumwingiza ndani. Dada akapiga mkono wa kiti, machozi yakamtoka. Hapo uchovu wote wa Dobi ukampanda kichwani.

"Sikuelewi, Dada! Kutwa nafua, usiku nafua, na bado sikuelewi! Nimechoka!"

Dada akageuza uso ukutani. Kesho yake alikataa uji, na siku iliyofuata akakataa tena. Hapo ndipo Dobi akakumbuka ule mkono ulikokuwa umeelekea, na shingo upande akaenda kuomba jogoo.

"Usimtupe mchana kweupe, watamrarua," Dereva akamwelekeza. "Mpandishe bandani jua likizama, wakishatulia. Kukicha wanamkuta yumo, wanadhani alikuwepo."

Hawakudhani hivyo. Kuku mweusi mkubwa, mwenye banda lake, alimfukuza bwana harusi mpaka chini ya karai. Dada akacheka kicheko chake cha upande mmoja, na Dobi, aliyekuwa na kandambili mkononi tayari kuamua ugomvi, akacheka pia. Ilimshangaza sauti yake mwenyewe.

Jogoo hakukata tamaa. Akipata punje hakuila. Aliiokota, akaiangusha, akawaita majike kwa sauti ya chini, kok-kok-kok, na yeye akabaki na njaa. Wakaanza kuja mmojammoja. Yule mbabe alikuja mwisho, akala, akamdonoa kidogo kama wa kulinda heshima, kisha akakaa karibu naye.

Baadaye jike mweusi mmoja akaatamia. Dobi hakutarajia kitu. Siku mayai yalipopasuka alikuwa ametoka zamu mbili mfululizo, na alipoinua bawa la mama yao alitaka tu kuona kama wako hai. Kifaranga wa kwanza alikuwa wa kijivu. Wa pili, kijivu. Akapapasa mpaka wa mwisho: wote moshi, hakuna mweusi, hakuna mweupe. Aliita ukutani, na Dereva akaja, akachungulia, akavua kofia.

"Kumbe mweusi kwa mweupe wa madoa hutoa moshi mtupu. Dada yako alijua," akasema.

"Alijua, kaka. Aliniambia, nikamfungia ndani."

Akachukua kifaranga mmoja, akamweka kwenye kiganja cha kushoto cha Dada. Dada akamfunika kwa vidole, polepole.

"Nisamehe, Dada," Dobi akasema. "Kuanzia leo ukionyesha kitu, nitasimama nitazame unakoonyesha. Hata kama nimechoka."

Dada alimtazama, kisha akatazama nafasi kando ya kiti chake. Dobi akatazama hapo hapo, akaelewa, akaketi kizingitini na sare yake ya kazi, akaegemeza kichwa kwenye goti la dada yake. Usingizi ukamchukua palepale. Mashuka yalikuwa kwenye ndoo, hayajaguswa.

Mke wa Dereva alipotokea na bakuli la chakula, akiita kutoka uani kwa ile sauti yake kubwa, Dada aliinua kidole mdomoni.

"Sss," akamwambia.